Darasa Lisilotaka Pazia

Mtaani kwetu mtu yeyote anayetembea na ramani iliyoviringishwa kwapani ni injinia, na ukijitia kusahihisha utachekwa mpaka ukome. Kwa hiyo yule binti alipoolewa nyumba ya Mama Pazia, akaja na ramani zake, miwani yake na ule mtindo wake wa kusimama katikati ya njia akikodolea jua macho, jina lake likawa Injinia kabla hata hajafungua sanduku. Mwenyewe alijaribu kujitetea. "Mimi ni mchoraji wa majengo," alisema. Tukamjibu, "Sawa, Injinia."

Mama Pazia, mama mkwe wake, hana haja ya kutambulishwa. Hakuna sebule mtaani ambayo mkono wake haujapita dirishani. Cherehani yake iko barazani, na pembeni ya cherehani kuna mkeka, na juu ya mkeka kuna sisi. Habari zote hupita pale kwanza kukatwa na kushonwa, ndipo zinakwenda kwa wenyewe. Imani yake ni moja na haina mjadala: nyumba bila pazia ni mtu bila nguo.

Sasa, shule yetu. Jengo la zamani ni boksi. Bati limelala chini, karibu uliguse kwa mkono, na madirisha yote yanatazama jua la alasiri, kwa sababu aliyejenga alitaka yatazame barabara wapita njia wavione vioo. Feni zipo, zinaning'inia darini kama popo. Kinachokosekana ni umeme wa kuziamsha. Ikishapita adhuhuri, watoto wa darasa la mtihani hulaza mashavu kwenye madawati, na Mwalimu Mkuu husomesha akiwa mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje, kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa.

Ofisi ya elimu ilipotangaza kwamba itatuongezea madarasa, tulifurahi, mpaka tukasikia ramani ni ile ile ya boksi. Hapo ndipo Injinia alipokunja mikono. Alikwenda ofisini akaambiwa aje kesho. Akaja kesho. Akaambiwa mhusika kasafiri. Akamngoja arudi. Alikwenda mpaka mlinzi wa getini akawa anamuuliza hali ya mumewe. Mwisho walichoka wao, hakuchoka yeye. Wakamwambia: jenga chumba kimoja kwa ramani yako. Msimu wa joto ukikolea, Mkaguzi atakuja saa ya jua kali apime. Watoto wakiweza kukaa humo wakasoma, vyumba vyote vinavyobaki vitafuata ramani yako. Wasipoweza, ramani hiyo usituonyeshe tena, tunajenga ya kwetu.

Basi akajenga, na sisi tukaenda kutazama, maana kutazama hakuna kiingilio.

"Injinia," Mwalimu Mkuu alimuuliza siku moja, "mbona darasa limeipa barabara ubavu? Watu watasema lina kiburi."

"Jua linatoka kule, linazama kule," Injinia alisema akionyesha kwa kidole. "Nimelipa ubavu mwembamba, lichape linavyotaka. Kuta ndefu nimezielekeza kaskazini na kusini, na paa nimelitoa nje sana ili zikae kivulini."

"Na hayo matundu huko juu?"

Maana huko juu, chini kidogo ya paa, alikuwa amepanga matofali yenye matundu ukuta mzima. Chini, upande wa pili, upande unakotoka upepo, ndiko alikoweka madirisha mapana. Kuta zenyewe nene, za udongo ulioshindiliwa. Bati limepakwa rangi nyeupe mpaka ukilitazama unafumba jicho.

"Hewa ya joto hupanda," alisema. "Ikikuta njia juu inatoka, na ya ubaridi inaingia chini kushika nafasi yake. Darasa linapumua lenyewe. Umeme uwepo, usiwepo."

"Kama pua?"

"Kama pua, Mwalimu."

"Haya. Tuombe lisipate mafua."

Tulicheka sote. Hakuna aliyejua kwamba mafua yalikuwa njiani, na yanatoka kwenye cherehani.

Ilivyokuwa ni hivi. Injinia alipomaliza chumba, kazi yake nyingine ikamwita mji wa mbali, akaondoka wiki nzima. Mtu akiondoka, maneno yanabaki. Mmoja akasema fundi aliishiwa matofali huko juu ndiyo maana akaacha mapengo. Mwingine akasema hapana, ramani ilikosewa na wakaona haya kubomoa. Wa tatu, na huyu simtaji maana tunakaa mkeka mmoja, akasema: "Mkwe wa Mama Pazia kajenga chujio."

Neno chujio likakimbia mtaa mzima kabla ya magharibi.

Lilipomfikia Mama Pazia, hakugomba. Aligeuza tu uso ukutani, akakata uzi kwa meno, akasema, "Yule mtoto hana mama hapa. Mama yake ni mimi." Akafungua kabati akatoa kitambaa alichokuwa amekiweka kwa ajili ya sebule yake mwenyewe, kile kizito cha zambarau, chenye bitana, kinachoteleza mkononi kama samaki. Akaita kina mama wenzake. Walishona siku kadhaa, vyakula vikipikwa hapo hapo, nyimbo juu, na mwisho wa wiki wakaenda kuyatundika. Madirisha yote mapana ya darasa yakavaa mapazia kutoka juu mpaka sakafuni, mikunjo imejaa, pindo zimepigwa pasi. Tusiseme uongo: yalipendeza. Darasa lilionekana kama chumba cha bibi harusi.

Nia yake ilikuwa kumstiri mkaza mwana wake. Hilo lijulikane kabla ya mengine.

Injinia alirudi Jumatatu. Watoto walikuwa wameshahamia chumba kipya, na Mkaguzi alikuwa ametuma ujumbe kwamba anakuja Alhamisi. Alifungua mlango wa darasa saa saba mchana, akarudi nyuma hatua moja kana kwamba amefungua chungu kilicho jikoni.

"Mwalimu Mkuu," aliita kwa sauti ndogo. "Nani kafanya hivi?"

Mwalimu Mkuu alikuwa mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje. "Mama yako mkwe."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwapo. Nimzuieje? Wewe umewahi kumzuia?"

Injinia aliingia, akaweka kiganja ukutani. Ukuta mnene una tabia ya chungu: unachelewa kupata moto, ukishaupata unachelewa kuuachia. Madirisha yalikuwa yamefunikwa siku mbili tatu, usiku na mchana, na ukuta ulikuwa umeshaanza kushika. Watoto walikuwa wamelaza mashavu kwenye madawati mapya vile vile walivyoyalaza kwenye ya zamani.

"Si wangefunua tu wenyewe?" mtu anaweza kuuliza. Mwulizaji huyo hamjui Mama Pazia. Alikuwa ametoa amri kwamba anayegusa pazia kwa mikono yenye chaki atajibu.

Jioni ile Injinia alimwendea mumewe, dereva wa lori, aliyekuwa nyumbani akingoja mzigo.

"Nenda ukazungumze na mama. Mapazia yashuke kabla ya Alhamisi."

Dereva alicheka kidogo, kisha akaona mwenzake hacheki. "Mke wangu, sikiliza. Yule ni mama, wewe ni mke. Mimi katikati ni daraja. Umewahi kusikia daraja linasema?"

"Daraja lisilosema litazolewa na mafuriko."

"Bora mafuriko kuliko mama."

Na Injinia mwenyewe kumkabili mama mkwe ana kwa ana, kumwambia kazi yako ni kosa, halikuwa jambo la kufanywa. Mkaza mwana ana sauti, lakini ina njia yake ya kupita, na njia hiyo ni wifi. Bahati yake, au balaa yake, wifi aliyekuwapo alikuwa Asali.

Asali tulimpa jina hilo kwa sababu ya ulimi. Huyu ni mtu anayeweza kukupa taarifa ya msiba ukamshukuru. Ukimtuma aseme "sikutaki," atasema "anakutakia kheri huko uendako." Watu wote wanampenda, na hakuna ujumbe uliowahi kufika kwa mtu kupitia kwake ukiwa mzima.

"Wifi yangu," Injinia alimwambia Jumanne asubuhi, "kamwambie mama, kwa adabu yote: mapazia ni mazuri sana, na nimeona upendo wake. Lakini upepo hauingii. Darasa lazima liwe wazi chini na juu, la sivyo litaanguka mbele ya Mkaguzi. Naomba ruhusa niyashushe."

"Ondoa shaka, wifi. Nitalisema kama lilivyo."

Akaenda barazani. Wengi tulikuwapo, kwa hiyo haya hatukusimuliwa.

"Mama," Asali alianza, akiketi karibu kabisa na goti la mama yake. "Mkweo amerudi. Ameyaona mapazia. Hana la kusema, kabaki kashika ukuta tu."

"Kashika ukuta?" Mama Pazia aliacha kukanyaga cherehani.

"Kwa mikono miwili. Anasema upendo wako ameuona. Sasa mama, kinachompa mawazo ni huyu Mkaguzi wa Alhamisi. Analiwazia darasa, chini na juu. Mambo ya upepo. Yale ya juu hasa, unajua, yanamkosesha usingizi."

Mama Pazia akapiga paja. "Nilijua! Nilisema mimi! Chini tumemstiri, juu tumemwacha uchi. Mkaguzi ataingia, atanyanyua macho, ataona chujio. Masikini mtoto, ameona haya kuniambia amalizie!"

Asali alifungua mdomo. Tulimwona akifungua. Lakini mama yake alikuwa ameshaanza kupima kitambaa kwa urefu wa mkono, uso umemchanua, na kumkatiza mtu mwenye furaha namna ile kunahitaji moyo wa chuma. Asali akafunga mdomo.

Jumatano mchana, Injinia alipokwenda shuleni akitarajia kupewa ruhusa na ngazi, alikuta matundu yote ya juu yamezibwa. Zambarau ile ile, bitana ile ile, safari hii imekazwa kwa mbao nyembamba na misumari ili isipeperuke. Darasa lilikuwa na giza la duka lililofungwa. Watoto walikuwa wametolewa nje, wamekaa kwenye ukingo wa kivuli.

Asali alikuwa amejibanza nyuma ya mlango. "Wifi, nilisema upepo. Haki ya Mungu neno upepo lilitoka."

"Lilitoka limevaa nini, wifi?"

Asali akatazama chini. "Niende tena?"

"Hapana," Injinia alisema. "Usiende tena. Umenitosha."

Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa. Akatoka kwa mguu, jua la saa nane likimpiga utosini, akakata mtaa moja kwa moja bila kusalimia upande huu wala ule. Tuliokuwa njiani tuliacha tulichokuwa tukifanya tukamfuata kwa mbali. Mtu akitembea vile, anakokwenda kuna jambo.

Barazani kwa Mama Pazia kulijaa. Chai ilikuwa imetoka sasa hivi. Injinia hakuketi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Njoo, njoo hapa. Umeona ya juu? Misumari nimegongesha mwenyewe."

"Nimeyaona, mama. Yanashuka kesho asubuhi. Ya juu na ya chini."

Kijiko kilichokuwa kinakoroga kikombe kikasimama.

"Sijakusikia," Mama Pazia alisema.

"Mapazia yanaua darasa, mama. Yale matundu sikuyaacha kwa kukosa matofali. Niliyapanga moja moja. Joto linapanda, linatafuta pa kutokea, na leo halina. Watoto wamekaa nje. Mkaguzi akikuta hivi, vyumba vinavyobaki vitajengwa kama lile boksi, na watoto wa mtaa huu watasoma wamelala mpaka sisi sote tufe."

"Watu wanakuita chujio."

"Waniite."

"Mimi nimekustiri!" Sauti ya Mama Pazia ilipasuka. "Walikucheka, nikakustiri! Kitambaa cha sebule yangu! Nimeshona mpaka kidole kimefanya sugu juu ya sugu, na unakuja kunivua nguo mbele ya wageni wangu?"

Macho ya Injinia yalijaa, lakini hayakumwagika. "Nilimtuma wifi, neno likapotea njiani. Ningekuwa na siku moja zaidi ningekufuata jikoni, tukiwa wawili. Sina. Yale matundu ndiyo kazi yangu, mama. Ukiyaziba, umeniziba mimi."

Hakuna aliyemeza chai. Mama Pazia aliinama kwenye cherehani yake, akanyoosha kipande cha nguo kilichokuwa kimenyooka tayari.

"Kayashushe," alisema. "Ila usiniletee hapa. Sitaki kuyaona. Na wewe sitaki kukuona."

Alhamisi jua halijapata nguvu, Injinia alikuwa juu ya ngazi. Aling'oa misumari mmoja mmoja, taratibu, asichane. Kila pazia lililoshuka alilikunja kwa mkunjo wake, pindo kwa pindo, akaliweka juu ya meza safi kama nguo ya mgonjwa anayeheshimiwa. Mtaa ulikuwa umejaa uani. Tusingekosa.

Mwalimu Mkuu alizunguka ngazi. "Injinia, nishike ngazi au nijifanye sikuoni? Maana mama yako akiniuliza, nataka jibu la kweli."

"Shika ngazi."

Kabla hajaishika, mkono mwingine ulitangulia. Ni dereva.

"Daraja limekuja?" Injinia aliuliza kutoka juu.

"Mafuriko yamefika," mumewe alisema. "Mama jana usiku hakunipa hata salamu, na mimi sikusema neno! Kama nitanuniwa, bora ninuniwe kwa kazi niliyoifanya."

Lakini Injinia hakuwa na raha. Madirisha yalikuwa wazi sasa, hewa ya asubuhi ikiingia, ila kila alipogusa ukuta alibaki na kiganja pale muda mrefu. Ukuta ulikuwa bado vuguvugu. Ungeachia joto lote kabla ya adhuhuri, au usingeachia? Ramani haikuwa na jibu la hilo. Hakuna mtu aliyewahi kuchora darasa lililovikwa mablanketi usiku na mchana.

Aliwaambia watoto waingie. Waliingia wote, madawati yakajaa.

Mkaguzi alifika jua likiwa katikati ya utosi. Mtu mnene mpole, tai shingoni, mkoba mkononi, na kipimajoto kinachoning'inia kwenye uzi. Alianza na jengo la zamani. Alikaa humo muda mfupi, akatoka akijipangusa shingo, akasema, "Naam, naam," kwa mtu asiyekuwapo. Kisha akaingia chumba kipya.

Wazazi tulisongamana kwenye kivuli cha ukingo wa paa. Ndipo tukamwona Mama Pazia. Alipita katikati yetu bila kumwangalia yeyote, akaingia darasani, akakaa dawati la nyuma kabisa, mikono kifuani. Mtoto aliyekuwa pale alisogea mwenyewe bila kuambiwa. Injinia alimwona. Akageuza uso mbele.

Mkaguzi alining'iniza kipimajoto katikati ya chumba, akasubiri. Somo likaendelea. Watoto walinyoosha mikono, wakajibu, wakakosea, wakachekana. Hakuna shavu lililogusa dawati.

"Nafuu ipo," Mkaguzi alisema hatimaye, akisoma kipimajoto. "Nafuu nzuri. Lakini leo kuna upepo. Siku upepo ukisimama?"

"Joto halingoji upepo," Injinia alisema. Akachukua kifutio cha ubao kilichojaa chaki, akakigonga kwenye kiganja. Vumbi jeupe likasimama hewani, likasitasita, kisha likaanza kupanda pole pole, likielekea ukuta wa juu, likajipenyeza kwenye matundu na kupotea. Watoto wote walinyanyua nyuso kulifuata.

Mkaguzi naye alilifuata mpaka shingo ikamuuma. "Naam," alisema. Akafunga mkoba. "Nimeona. Lakini ofisi ina ramani yake, mafundi wameshaizoea, na kubadili si jambo la siku moja. Nitaandika. Tutaona."

Ukishakaa mtaani unajua "tutaona" ni nini. Ni hapana iliyooga na kuvaa suti. Injinia alirudisha kifutio ubaoni.

Dawati la nyuma likakwaruza sakafu.

"Bwana mkubwa," Mama Pazia alisema akisimama. "Mimi ndiye mwenye mapazia."

Mkaguzi akatazama huku na huku. "Mapazia gani, mama?"

"Ndiyo hayo, huyaoni! Huyo hapo ni mkwe wangu. Jana kaniambia mbele ya wageni wangu kwamba kazi ya mikono yangu inaua darasa. Leo kayashusha mtaa mzima ukiangalia. Mimi nimekuja hapa nikiomba, Mungu anisamehe, liwake joto humu nione uso wake. Nimekaa hapo nyuma nangoja jasho. Nangoja, nangoja." Alinyanyua mkono, akajipitisha kwenye paji la uso, akamwonyesha kiganja kikavu. "Limekataa kutoka."

Huko nje mtu alicheka, akazibwa mdomo.

"Sasa wewe unasema tutaona. Utaona nini ambacho mimi sijaona? Kama chumba hiki hakifai, sema sasa hivi, nikatundike mapazia yangu na huyu aniombe radhi. Kama kinafaa, sema jenga. Lakini heshima yangu haiwezi kushushwa ukutani kwa ajili ya tutaona!"

"Mama, ofisi ina taratibu..."

"Taratibu hata mimi ninazo. Si unasema utaandika? Andika. Ila usiandikie kwenye ubaridi." Akauchukua mkoba wa Mkaguzi juu ya meza kana kwamba ni wa mwanawe aliyechelewa shule, akatoka nao. Tulimpisha. Alivuka uwanja juani mpaka jengo la zamani, akauweka juu ya dawati la ndani kabisa, chini ya feni isiyozunguka, na kusimama mlangoni. "Karibu, bwana mkubwa! Boksi lako hili. Ukae kipindi kimoja uandike. Ukimaliza bila kutoka, tujengeeni hilo hilo, na mimi nitakuwa wa kwanza kupiga vigelegele."

Mkaguzi angeweza kukataa. Lakini watoto walikuwa wanatazama, sisi tulikuwa tunatazama, na mkoba wake ulikuwa kule. Akaenda. Darasa la mtihani likaitwa nalo likaingia kumsindikiza, na Mwalimu Mkuu akashika nafasi yake ya siku zote pale mlangoni.

Kwanza ilikuwa tai. Ikalegea, kisha ikavuliwa. Halafu leso. Halafu kiti: kila tulipochungulia kiti kilikuwa kimesogea kidogo kuelekea mlangoni, mpaka Mkaguzi na Mwalimu Mkuu wakawa wamebanana kwenye kizingiti kimoja, mguu mmoja ndani, mmoja nje, wawili wao kama mapacha.

Kipindi hakijafika nusu akatoka. Shati limemgandia mgongoni. Alisimama mbele ya Injinia akihema.

"Vyumba vinavyobaki," alisema, "chora. Ofisini nitasema mwenyewe, na atakayebisha nitamleta akae pale nilipokaa."

Kelele zilizopigwa hapo, hata mtaa wa pili walikuja kuuliza kuna nini. Asali alikuwa analia na kukumbatia kila aliyesimama. Dereva alimnyanyua Mwalimu Mkuu juu, akamshusha haraka maana naye si mwepesi.

Injinia hakushangilia. Alimwendea mama mkwe wake, akasimama mbele yake kwa adabu.

"Asante, mama."

"Usinishukuru. Sikufanya kwa ajili yako. Sikuwa tayari kuaibika bure."

"Najua."

"Na bado nimekasirika. Nitakasirika mpaka vyumba vyote viezekwe."

"Sawa, mama."

"Na ole wako kimoja kiwe na joto."

Injinia alitikisa kichwa kukubali. Kisha, kwa kuwa Mkaguzi alikuwa bado yupo na neno lake lilikuwa bado la moto, hakutaka kulipa nafasi ya kupoa. Alikwenda stoo akatoa vigingi vya mbao, nyundo na kamba ya kupimia, akatoka kwenye uwanja mtupu pembeni ya chumba kipya. Alipiga kigingi cha kwanza. Akafunga kamba. Akatazama jua lilipo, akageuka kidogo, akatafuta mtu wa kushika ncha ya pili. Sisi wote tulikuwa tumeshughulika na kusimulia yaliyotokea kwa watu waliokuwapo yakitokea.

Mama Pazia alikaza kitambaa chake kichwani. Akavuka uwanja, akaiokota ncha ile chini, akaizungusha mkononi mara mbili, na kurudi nayo nyuma mpaka ikanyooka. Hakumtazama mkwe wake usoni.

"Vuta," alisema.